Maneno ya Mpinzani kwa Wino Mwekundu

Ninyi mnaokuja kunisomea siku hizi, kwa kuwa macho yangu hayawezi tena herufi ndogo, mmeniuliza wote swali moja, kila mtu kwa siku yake. Mbona kitabu hiki, kilichotungwa na Mwislamu ili kuwajibu Wanasara, yaani Wakristo, kimejaa pembezoni maneno ya Wanasara wenyewe? Na mbona maneno hayo yameandikwa kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa katikati? Nimekuwa nikiwaambia someni tu. Leo nitawajibu, maana waliohusika wamebaki wachache, na deni la shukrani likikaa bila kutajwa huoza kama karatasi ya masika.

Kwanza ijueni kazi yenyewe. Nilikuwa mnakili wa vitabu Kasongo, tangu zama zile mji ulipokuwa na mashamba ya mpunga pande zote na misafara ikiingia kutoka Ujiji, mpaka ulipoangushwa kwa vita. Wino tuliutengeneza kwa masizi ya chungu na utomvu wa mti. Ukizidisha utomvu, kurasa zinashikana, na msomaji wako atafungua kitabu kama anayebandua chapati. Ukipunguza, herufi zinamfuata msomaji kwenye vidole. Kalamu tulichonga kwa matete ya mtoni, si ya ukingoni yaliyo laini, bali yale yaliyosimama mbali kidogo na maji, yaliyoona kiu. Karatasi ilitoka pwani kichwani mwa mpagazi, na kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa umechosha shingo ya mtu kabla haujachosha mkono wangu. Mwalimu wangu alipenda kutukumbusha hilo kila tulipoharibu mmoja.

Mchwa nao walikuwa wanafunzi wenzetu. Mwaka mmoja walikula sura nzima ya fiqhi inayohusu wizi. Mwalimu akainua jalada, akatazama, akasema, "Hawa wamejihukumu wenyewe."

Chini ya kila ukurasa mnakili huandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili kurasa zikichanganyika zijulikane ndugu zao. Na kazi ikiisha haijaisha. Watu wawili hukaa, mmoja anasoma kitabu cha asili kwa sauti, mwingine anafuata nakala kwa kidole. Nakala isiyosomwa hivyo, mwalimu alisema, ni mtoto asiyetahiriwa: yupo, lakini bado. Shikeni hilo, maana msiba wote wa hadithi hii ulitokana na nakala iliyoachwa bila kusomwa hivyo.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mwalimu Hemedi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, aliyekuja kutoka pwani na msafara akiwa kijana na hakurudi tena. Alitufundisha kuandika, lakini alichokipenda hasa ni majibizano ya wanachuoni, na sheria yake katika majibizano ilikuwa moja. Huruhusiwi kumjibu mtu mpaka uirudie hoja yake kwa kinywa chako, na yeye mwenyewe aseme, "Ni hilo." Kama hajasema, hujaanza.

Siku moja mimi na mwenzangu Sudi tuligombana kwa sababu ya mbuzi aliyekula mkeka wa darasa. Kila mmoja alidai mwenzake ndiye aliyeacha mlango wazi. Mwalimu akatukalisha.

"Sudi, sema neno la mwenzako."

"Anasema uongo, mwalimu."

"Sikukuuliza uzito wake. Nimekuuliza neno lake."

Tulikaa pale mpaka adhuhuri. Sudi aliposema hoja yangu sawasawa, nikaona kuwa haina miguu, na niliposema ya kwake, nikaona inayo. Mbuzi alikuwa bado anatafuna.

Sasa, kitabu. Mwanachuoni mmoja wa Nyangwe alituazima kitabu cha Kiarabu ambacho mwalimu alikuwa akikitamani kwa miaka. Kilihusu watetezi wa kale wa Wanasara, wale wa mwanzo kabisa, walioishi kabla dini yao haijapata mfalme. Wakati huo walikuwa watu wachache katika miji ya Rumi, na majirani zao waliwazushia kwamba wanakula watoto katika ibada zao, kwamba huitana kaka na dada kisha wanaoana, kwamba ni adui wa kila kinachoheshimiwa. Baadhi ya wenye elimu kati yao walichukua kalamu, wakamwandikia kaisari mwenyewe kujitetea. Mtungaji wa kitabu hicho, Mwislamu, aliweka katika kila mlango wa kitabu hoja ya mtetezi wa kale kwanza, halafu jibu lake. Mahali alipokubaliana na mtetezi alikiri wazi kwamba hapo hana ugomvi naye. Mahali alipopinga, alipinga kwa adabu na kwa urefu.

Mwalimu alimpa Sudi kazi ya kukinakili, kwa sababu mwandiko wa Sudi ulikuwa bora kuliko wangu, na bado ninalisema hilo kwa shingo upande. Sudi alikuwa mcha Mungu sana. Alipofika kwenye hoja za Wanasara mkono wake ulisita. Akaona si halali kalamu yake, iliyotoka kuandika jina la Mwenyezi Mungu, iandike maneno ya watu hao. Basi akaziruka. Akaandika majibu peke yake, mlango baada ya mlango, na maneno ya chini ya kurasa akayapanga vizuri, hata usingeweza kuona pengo. Kabla hatujakaa kuzisoma nakala mbili pamoja, mwenye kitabu alikitaka, kikarudi Nyangwe. Mwalimu alikuwa mgonjwa wa kifua siku hizo. Hakuna aliyejua.

Tulijua pale tu tulipokihitaji.

Alifika Kabambare, mji ulio njiani kutoka ziwani kuja kwetu Kasongo, kijana mmoja wa umri wangu, jina lake Dominiko, seremala. Alikuwa Mbangubangu wa huko huko. Alitekwa utotoni, akauzwa mpaka ziwani, na huko mapadre Wazungu wakamkomboa, wakamlea na kumbatiza. Sasa alikuwa amerudi kwa miguu akiwa na patasi na randa kwenye mfuko, anamtafuta mama yake. Na mama yake alikuwepo. Alikuwa mpishi katika nyumba ya Mwinyi Bakari, mkuu wa mji, na waliomleta pale walimpa jina Faida. Sisi watu wa mjini tulikula mikononi mwa wanawake kama yeye miaka mingi bila kuwauliza jina walilozaliwa nalo. Nalisema hilo hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna atakayeniuliza.

Dominiko alikwenda uani kwa Mwinyi Bakari akaita kwa lugha ya kwao. Mama akachungulia, akamtazama, akafunga mlango wa jiko. Alikuwa ameshaambiwa. Kabambare nzima ilikuwa imeambiwa. Kirangozi mmoja, mwongoza njia wa misafara, mtu mwenye sauti, alikuwa akieleza barazani kwamba Wazungu wa ziwani hununua watoto ili wawale, kwamba katika ibada yao hula mwili na kunywa damu, na kwamba huyu aliyerudi amenona mno kwa mtu aliyetekwa.

"Mutoto wangu walimukula zamani," mama alimwambia mtu aliyetumwa na Dominiko. "Huyu iko na sura yake tu."

Siku chache baadaye mtoto mmoja wa mjini hakuonekana tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa amelala kwenye mtumbwi ukingoni mwa mto Luama, na alirudi mwenyewe na njaa yake. Lakini wakati anarudi, Dominiko alikuwa ameshafungwa mnyororo, na uvumi wa barazani ulikuwa umeshamhukumu. Mwinyi Bakari hakuwa mtu mbaya kuliko wakuu wenzake. Alitaka jambo liamuliwe mbele ya watu, na alitaka mwanachuoni wa kumshinda Mnasara kwa hoja kabla ya kumwadhibu, ili isionekane ni hasira tu. Akatuma watu Kasongo kumwita Mwalimu Hemedi.

Tulikwenda watatu, mwalimu, Sudi na mimi, na nakala kwenye ngozi ya mbuzi. Njiani mwalimu alikuwa na furaha kama mtu anayekwenda harusini. "Hoja zao zote zimo humu," alisema akiupiga mzigo kwa fimbo. "Sina haja ya kubahatisha." Sudi alitembea nyuma yetu kimya, na mimi nikadhani ni malengelenge.

Kabambare tulipewa chumba cha kando ya baraza, na Dominiko akaletwa humo. Mwalimu akafungua nakala. Akasoma mlango wa kwanza, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Sudi. Hoja ziko wapi?"

Sudi akamweleza. Hakulia wala hakujitetea, alieleza tu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilisema jambo hilo moyoni njia nzima.

Mwalimu alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Umeniletea ala thelathini bila kisu hata kimoja."

Nilingoja ampige. Badala yake alikaa chini, akaitazama ile nakala kwa namna ambayo sijaisahau, kama fundi anayeangalia gogo lililopinda na kuanza kuona kiti ndani yake. Akasema, "Lakini ala hukijua kisu chake. Kwa upana wake, kwa mkunjo wake. Chukua kalamu. Na wewe Dominiko, sogea."

Hiyo ndiyo siku niliyojifunza kazi yangu. Mwalimu alisoma jibu, kisha akauliza: mtu anayejibu hivi ameambiwa nini? Mtungaji akikiri kwamba hana ugomvi na mtetezi kuhusu watoto, basi mtetezi aliapa kwamba hawali watoto. Akisema kwamba jina peke yake si kosa mbele ya kadhi mwadilifu, basi mtetezi alilalamika kwamba wanahukumiwa kwa jina, bila tendo kuchunguzwa. Kila alichokikisia alimgeukia Dominiko. "Ndivyo mnavyosema ninyi?" Dominiko hakuwa mwanachuoni. Alijua sala, patasi, na yale aliyofundishwa utotoni. Lakini alijua lililo lake na lisilo lake.

"Ni hilo, mwalimu." Au, "Ile hatusemake."

Sudi ndiye aliyeandika. Wino wetu mweusi ulikuwa umemwagika njiani, tukapata unga mwekundu wa mti wa nkula, ule wanaojipaka wachezaji, tukauchanganya na utomvu. Aliandika pembezoni, taratibu, kwa mwandiko ambao hajawahi kuandika mzuri kama ule.

Kesho yake baraza ilijaa. Kirangozi alisema yake yote, na kwa kweli alisema vizuri. Alipofika kwenye kaka na dada wanaooana, watu walicheka.

Mwalimu akamwuliza, "Ndugu yangu, jana ulinipokea kwa neno gani?"

"Nilisema, karibu ndugu yangu."

"Na mwezi uliopita ulileta posa ya binti wa shemeji yangu kule Kasongo. Nikwambie nini sasa? Nikurudishie posa?"

Baraza ikacheka upande wa pili. Kirangozi mwenyewe akafuta uso kwa kilemba akicheka.

Kisha mwalimu akasema kwamba hataweza kumjibu Mnasara mpaka aseme neno lake, na akaanza kulisema. Alisema kwamba watu hawa wanamwomba Mungu mmoja aliyeumba mbingu na nchi. Kwamba wameshazushiwa hivi tangu zama za makaisari wa Rumi, na wazee wao waliomba jambo moja tu: tendo letu lichunguzwe, na likionekana baya, tuadhibiwe. Kwamba aliyekula mtu huacha mama anayelia mahali fulani, basi aitwe mama huyo. Aliyasema kwa nguvu hata mzee mmoja karibu nami akamnong'oneza jirani yake, "Huyu mwalimu amesilimu kwa upande gani?"

Kila kipande kilipoisha, Dominiko alijibu, "Ni hilo."

Mpaka tukafika kwenye ibada yao. Mwalimu akasema, "Anasema wanachokula ni mkate tu, wa ukumbusho."

"Hapana, mwalimu."

Alikuwa mtu mwenye mnyororo mguuni, amepewa mlango wa kutokea, na anaukataa.

"Haiko mukate tu," Dominiko alisema. "Ukisema mukate tu, haiko neno langu. Nisamehe, baba. Ulisema neno iwe yangu."

Mwinyi Bakari akainama mbele. Kirangozi akafungua mikono kama anayesema, si niliwaambia. Mwalimu Hemedi akakohoa, akamtazama kijana yule, na nikaona usoni pake heshima ambayo mimi na Sudi tulikuwa tukiililia miaka yote.

"Umefanya vyema kunisahihisha," alisema. "Narudia. Anaamini kwamba mkate ule ukishaombewa ni mwili wa bwana wake. Lakini ukiumegwa hautoki damu ya mtu. Hakuna mtoto anayepiga kelele. Hakuna nyumba inayolala na nafasi tupu kwenye mkeka. Ni hilo?"

"Ni hilo."

"Basi sasa namjibu." Na akamjibu. Alieleza kwa nini sisi hatuamini hivyo, kwa urefu, kwa aya na kwa mifano, na Dominiko alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kama mgeni mwema. Mwalimu akamalizia: "Hili, kwetu, ni kosa la imani, na hesabu yake iko kwa Mola. Lakini ninyi hamkuniita kwa imani. Mliniita kwa nyama. Na katika hilo sina ugomvi naye."

Mwinyi Bakari akauliza, kwa sababu alikuwa mtu wa mambo wazi, "Kwa hiyo hali watu?"

"Hali watu. Tangu jana nimekula naye sahani moja. Hata samaki anamwogopa kwa sababu ya miiba."

Mnyororo ukafunguliwa. Dominiko akapewa ruhusa ya kukaa na kazi ya kutengeneza milango.

Lakini mama hakuja. Wakuu wanaweza kufungua mnyororo, hawawezi kufungua mlango wa jiko. Dominiko alipachika milango ya mji mzima, na kila siku alipita uani kwa Mwinyi Bakari, na kila siku ule wa jikoni ulifungwa. Sisi tulibaki Kabambare, maana kifua cha mwalimu hakikuruhusu safari, na mwenye kitabu wa Nyangwe, aliposikia habari, alitutumia kile cha asili tusome nakala kama inavyopasa.

Hapo tulipata furaha ambayo ni wanakili tu huipata. Sudi alisoma cha asili, mimi nikafuata kwa kidole pembezo nyekundu. Mahali pengi tulikuwa tumepatia kabisa, hoja ya kale imekaa ndani ya ala tuliyoikisia. Mahali pamoja tulikosea vibaya. Tulimfanya mtetezi aombe radhi kwa unyenyekevu, kumbe alikuwa akimdhihaki kaisari waziwazi. Mwalimu alicheka mpaka akahitaji maji. "Tumempa adabu zetu," alisema. "Andika hivyo hivyo kando, ili wajue tulivyokosea." Ndiyo maana mtaona hapo mistari miwili, mmoja umekatwa lakini unasomeka. Nawaombeni msiufute. Vita vilipokuja baadaye Kasongo iliteketea, Nyangwe ikateketea, na kile cha asili kikaenda na moto. Kilichobaki duniani, kwa ninavyojua, ni nakala ya Sudi, iliyoachwa Kabambare. Maneno ambayo Sudi aliogopa kuyaandika ndiyo mkono wake uliyoyaokoa, naye alimshukuru Mungu kwa hilo mpaka alipokufa, na mimi naendelea.

Tulikuwa katika usomaji huo, asubuhi moja, Dominiko yuko mlangoni akipiga bawaba, wakati Faida alipokuja. Alishika bakuli la sombe, kile kisamvu cha huko, na ugali wa muhogo, kitambaa juu. Hakumtazama mwanawe. Alimwambia mwalimu, "Wanasema ulisemaka neno yake mbele ya wakubwa. Mimi nilikuwa jikoni. Niambie na mimi."

Mwalimu akafunga kitabu. "Siku ile nilikuwa nakisia, mama. Leo mwenyewe yupo. Yeye atasema, na wewe utarudia, mpaka akubali."

Dominiko akaweka nyundo chini. Akasema maneno machache, kwa Kibangubangu kwanza, halafu kwa lugha yetu ili mwalimu naye asikie. Mama alisikiliza akiangalia bakuli. Kisha akaanza, polepole, kama anayevuka mto kwa mawe.

"Unasema walikuchukuaka mashambani, ukiwa mudogo."

"Ni hilo, mama."

"Unasema hukulaka mutu."

"Ni hilo."

"Unasema njia yote ulikuwa unanitafuta mimi." Akanyoosha kitambaa juu ya bakuli. "Unasema jina yangu ulilikumbuka."

Dominiko akataja jina. Si Faida. Lile lingine, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia, ingawa alikuwa ametupikia muda wote huo.

Mama akafunua bakuli. Akamega tonge, akalichovya, akala yeye kwanza. Kisha akamega la pili, na hakumpa mkononi, alimtia kinywani, seremala mzima mwenye ndevu.

Sudi alikuwa bado ameshika kitabu wazi. Akaniuliza kwa sauti ya chini tumefika wapi. Mwalimu Hemedi ndiye aliyejibu, huku akiwatazama wale wawili.

"Pale ambapo hatuna ugomvi naye," alisema. "Weka alama, tutaendelea wakimaliza kula."